Mapenzi, Tunywe?

Kama una binti aliyefikia kuposwa, na nyumba ya jirani ina televisheni, soma haya mpaka mwisho, kisha ukamkalishe mwanao karibu nawe. Nyevu wa Kisumu Ndogo hakupata wa kumwonya. Angalimpata, wanaume wazima wasingalikaa barazani kwake kujadili namna ya kumwachisha mwanawe mume aliye ndani ya sanduku.

Mwaka ulikuwa wa themanini na sita. Nyevu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi hapo mtaani, Malindi. Mumewe Randu alikuwa mtunza bustani wa nyumba moja ya wageni kule ufukweni. Binti yao mkubwa ndiye Mapenzi, miaka kumi na minane, mrefu, mtaratibu, hana makuu. Posa yake ilikuwa imeletwa kutoka Kaloleni. Kambi, mzee mwenye minazi yake, alimtaka kwa ajili ya mwanawe Dena. Dena alikuwa mgema, na mkimya wa kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye huomba radhi. Nyevu alimvuta binti pembeni akamwuliza, na binti akasema, "Dena hana neno." Kweli hakuwa nalo, hata moja.

Kilichobaki ni kadzama, yaani ule mtungi wa tembo la mnazi anaouleta mwenye kuposa. Kwao akina Randu mtungi huo hauguswi mpaka binti aitwe mbele ya watu, na mzee aulize: "Tunywe?" Binti akijibu "Nyweni," baba huchukua mrija akavuta funda la kwanza, na hapo hakuna tena mjadala, binti ni wa watu. Akinyamaza au akicheka, wageni hujitwika mtungi wao wakarudi nao. Mpwa wa Randu alicheka. Kicheko cha haya tu, cha puani. Mpaka leo yuko kwao anamtwangia mamake mahindi.

Hilo ndilo lililomnyima Nyevu raha. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe akaanza kumfunza mwanawe. Mapenzi akiwa mferejini anakinga maji, Nyevu hutokea nyuma yake na sauti nzito ya kizee:

"Mapenzi, tunywe?"

Ndoo ikaanguka. "Nyweni, mama."

"Hiyo 'mama' ya nini? Nyweni, basi. Na bila meno, usije ukacheka!"

Akimkuta anasuka nywele: "Mapenzi, tunywe?"

"Nyweni."

"Umechelewa. Wageni washafika kivuko cha Kilifi, wanapanda feri na mtungi wao. Tena! Mapenzi, tunywe?"

"Nyweni!"

"Hapo sawa."

Ikafika mahali binti hakuwa na haja ya kufikiri. Neno lilimtoka kama chafya. Na si yeye peke yake. Randu naye, kila akisikia "nyweni", mkono ulikwenda wenyewe kutafuta mrija, kama kuku asikiaye mtama ukimwagwa. Nyevu akafurahi. Akajua mambo yamenyooka. Mama mwenzangu, ogopa siku utakayoona mambo yamenyooka.

Nyumba ya pili kutoka kwao walikaa Gerishom na mkewe Easter, watu wa bara. Gerishom alikuwa fundi wa taa katika hoteli moja, na Mwitaliano mmoja alipokuwa akihama alimwachia televisheni ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe. Mtaa haukuwa na umeme, kwa hiyo ilikula betri ya gari. Antena ilifungwa kwenye boriti ndefu nje ya dirisha, na ikiachwa peke yake picha yote hugeuka chenga. Basi Gerishom husimama nje ameikumbatia boriti, na watu walio ndani humpigia kelele: "Geuza kidogo! Rudisha! Hapo hapo, usipumue!" Televisheni ilikuwa yake, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuona ila migongo ya watu na ncha ya pua ya mtu fulani.

Siku moja Easter alikuja kununua mahamri. "Mama Mapenzi," akasema, "njoo kwangu Alhamisi saa moja. Kuna mchezo wa mapenzi."

Nyevu akaweka mwiko chini. "Mchezo wa Mapenzi? Mwanangu kacheza na nani?"

"Si huyo wako! Mapenzi ya mtu na mtu."

"Mtu gani?"

Easter akacheka mpaka akashika mlango. Nyevu hakucheka. Alhamisi ilipofika alikuwa wa kwanza kuketi mkekani, binti zake wawili ubavuni, Mapenzi na mdogo wake Kadzo mwenye miaka kumi na mmoja, aone kwa macho yake huo mchezo uliochukua jina la mwanawe.

Aliona mambo. Ndani ya sanduku mlikuwa na mwanamume anayeitwa Nuhu, mwenye masharubu na suti, naye alimtaka msichana anayeitwa Selina. Nuhu alivaa suti asubuhi, akaivaa jioni, akaivaa hata alipokuwa mgonjwa kitandani. Alikuja kwa kina Selina mara nne katika saa nzima, na mara zote nne aliwekewa chakula, na mara zote alisukuma sahani akasema hana hamu. Kuku mzima! Nyevu aliumia kwa ajili ya yule kuku. Tena walikuwa na tabia ya ajabu wale watu: wakiwa na neno kubwa la kuambiana, hawaangaliani. Mmoja huinuka, akaenda dirishani, akampa mwenziwe mgongo, ndipo aseme. Selina alilia machozi matupu, kamasi hata tone.

"Mtu analia bila kamasi, huyo ana jambo," Nyevu akasema.

"Shhh, Mama Mapenzi."

"Na mamake yuko wapi? Mwanamume anaingia anatoka, mamake yuko wapi?"

"Alikufa sehemu ya kwanza," akajibu Easter.

"Ndiyo maana," akasema Nyevu, akawavuta binti zake karibu zaidi.

Lakini lililomkaa rohoni ni jingine. Yule Nuhu alikuwa na neno lake. Kila akitaka kusema na Selina alianza kwa kuita, na sauti ya televisheni ilikuwa na mchakacho kama mafuta ya kaangoni, na Nyevu, kwa masikio yake mawili, alisikia: "Mapenzi..." Tena hakumtazama Selina akisema hivyo. Alitazama mbele, nje ya sanduku, pale pale walipoketi.

"Amelijuaje jina la mwanangu?" akauliza.

"Amesema 'mpenzi'," wakamwambia.

Nyevu hakuwa mjinga. Alisoma mpaka darasa la nne kwa wamishonari, na alijua kuwa ile ni picha. Lakini picha haijipigi. Kama kuna picha ya mtu, kuna mtu, na mtu huyo ana masharubu, na anasema Mapenzi. Alimgeukia binti yake. Mapenzi alikuwa ameishika leso yake mdomoni, macho hayapepesi.

Alhamisi iliyofuata Kambi alikuwa Malindi. Alikuja kununua ng'onda wa shughuli, kwa kuwa Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kadzama, na ni lazima wageni wa Kaloleni wawe na kitoweo cha kurudi nacho. Akapita kuwaamkia wakwe watarajiwa, na mkononi ana kibuyu cha tembo jipya la asubuhi ile.

"Hiki si cha posa," akamwambia Randu. "Ni cha kukata kiu tu."

"Kiu nayo ina haki yake," akasema Randu.

Nyevu, kwa kutaka mkwe aone kuwa nao wanaishi na watu wa maana, akampeleka kwa Easter kutazama televisheni. Kambi akapewa kiti pekee chenye mgongo. Randu akaketi karibu naye, kibuyu katikati ya miguu, mrija tayari, Easter akimtupia jicho la kanisani. Mapenzi na Kadzo wakakaa mkekani, mbele. Nje, Gerishom akaikumbatia boriti.

Siku hiyo Nuhu alikuwa amekuja kuposa. Hakuja na wazee, hakuja na mshenga, alikuja na maua. Kambi akauliza kama ni dawa. Babake Selina akatoa chupa, akamimina katika glasi za mguu mmoja mrefu mwembamba, kama ndege wa matopeni. Nuhu akaishika yake. Akageuka. Akatazama nje ya sanduku, moja kwa moja mkekani, sauti ikichakacha kama kaango, akasema kwa upole ambao pale mtaani haukuwahi kusikika:

"Mapenzi... tunywe?"

"Nyweni!" akajibu Mapenzi.

Mara moja. Kwa sauti. Bila meno.

Na Randu, mkono ukijiendea wenyewe, akainama akavuta funda.

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Easter alilia kwa kucheka, na Gerishom nje akauliza, "Nini? Nini? Jamani niambieni!" Hata Kambi alikuwa ameanza kutabasamu. Ungeishia hapo, ungekuwa mzaha wa mtaa. Lakini Nyevu akainuka, mikono kichwani, akapiga ukelele:

"Mwanangu umeolewa!"

Kicheko kikakatika. Kambi akalifikiria lile neno. Ukaliona linamwingia pole pole, kama maji yaingiavyo kwenye kiatu. Akamtazama Mapenzi. Akamtazama Randu, ambaye mrija ulikuwa bado mdomoni. Akakitazama kibuyu.

"Kweli," akasema. "Ameulizwa mbele ya watu. Amejibu. Baba amekunywa."

"Mzee Kambi, ni mchezo," akasema Easter.

"Funda lilikuwa mchezo? Limo tumboni mwa Randu hivi sasa." Akachukua kofia yake. "Na linaloniuma mimi ni kuwa tembo ni langu. Nimepanda feri na tembo langu nikaja kumposea mtu mwingine."

Akatoka, akamsahau hata ng'onda wake.

Jumapili alirudi kutoka Kaloleni na Dena, lakini bila mtungi. Shauri likakaliwa barazani kwa Randu baada ya watu kutoka kanisani. Nyevu alikuwa ameandaa wali wa nazi wa siku ya furaha, ukapoa sufuriani ukimtazama.

"Mimi simkatai binti," Kambi akasema. "Binti namtaka, na kijana wangu anamtaka, ingawa hajasema. Lakini siwezi kuchukua mke wa mtu. Siku moja yule bwana atakuja na suti yake hiyo Kaloleni, atanidai malu, faini ya kuchukuliwa mkewe. Nitamwambia nini? Kwamba nilidhani ni chenga?"

"Yule hatakuja," akasema Randu. "Hata anakoishi hapajulikani."

"Ndio wabaya hao. Asiyejulikana anakoishi hujui atatokea njia ipi."

Easter akasimama na Biblia kwapani. "Wazee, nisikizeni. Yule hakusema Mapenzi. Alisema 'mpenzi'. Mpenzi ni neno la kila mtu. Hata mimi Gerishom aliniita hivyo, zamani."

"Alisema Mapenzi," akasema Nyevu. Hata hakujua kwa nini anajitia kitanzi, lakini masikio ni yake.

"Mpenzi!"

"Mapenzi!"

"Na aitwe mwenye kujibu," akasema Kambi. "Binti, weye ulisikia nini?"

Mapenzi akainamisha kichwa. "Nilisikia 'tunywe'. Nikisikia 'tunywe' sisikii kingine."

Watu wote wakamgeukia Nyevu. Nyevu akaanza kupepeta mchele usio na makapi.

Kisha Kambi akauliza swali la kisheria. "Mgeni yule aliingia kwa mkono wa nani? Mtu haingii kwa watu hivi hivi. Ana mshenga."

Macho yote yakamwendea Gerishom, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akila muwa.

"Mimi?" akasema Gerishom.

"Nani alimshika mkono akaingia? Wewe ukiiacha ile boriti, yeye yupo?"

"Hayupo," akakiri Gerishom.

"Basi wewe ndiwe mshenga wake. Mpelekee habari kuwa tunataka kurudisha tembo."

"Mzee, mimi hata sura yake siijui! Mwezi mzima naangalia mgongo wa mke wangu!"

Hukumu ikawa hivi. Tembo lililonywewa lingerudishwa mbele ya yule aliyeuliza, Alhamisi, saa moja, mashahidi wale wale. Randu angeleta mtungi mzima. Na yule bwana ingebidi atamke, kwa kinywa chake mwenyewe, kuwa amemwacha Mapenzi. Asipotamka, Kambi angemposea Dena kwingine. Kulikuwa na binti wa watu huko Junju, hajawahi kukaa karibu na televisheni.

Zile siku nne Nyevu alikonda. Alimwendea Easter asubuhi na jioni. Bwana yule ni wa dini gani? Ni mtu wa hasira? Ana mke mwingine? Akisikia ana mke mwingine moyo ulitulia. Akisikia hana, ulimruka. Mtoto uliyemlea kwa mahamri miaka kumi na minane, ukae umngojee mtu wa picha akufungulie! Usiku wa Jumatano alimwuliza binti yake:

"Hivi weye, huyo Nuhu unamtaka?"

"Mama, nimtake wapi? Simtaki."

"Mbona hukuweza kunyamaza?"

Mapenzi alikuwa akikunja leso, akaikunja tena. "Ulinifunza kujibu, mama. Ila yeye aliuliza vizuri. Aliita jina kwanza, akangoja. Wengine wote huuliza kama wanaouuliza mtungi."

Nyevu hakulipenda neno hilo. Alilala nalo likamsumbua kama punje ya mchanga kwenye wali.

Alhamisi ikafika. Nyumba ya Easter haikuwa na pa kuweka mguu. Mtungi wa Randu ukawekwa mbele ya televisheni, mdomo wake umezibwa kwa majani, Easter akisisitiza usiguse kitambaa chake cha kufuma. Kambi alikuwa kwenye kiti chake. Dena alisimama mlangoni, shati jipya, mikono yenye sugu za mgema ameificha nyuma. Na nje penye kizingiti, chini ya gunia, Kambi alikuwa ameacha mtungi wake wa posa. Nyevu aliuona alipoingia, akajua kuwa mzee naye anamwomba Mungu.

Mchezo ukaanza. Nuhu akaingia, suti ile ile. Watu wakamwamkia; ni mkwe, ungefanyaje? Randu akasimama akakohoa.

"Bwana, shikamoo hatukupi maana umri wako hatuujui," akasema. "Tembo lako ni hili. Tunalirudisha. Ulinena na binti yangu kwa bahati mbaya."

Nuhu akaenda dirishani akampa mgongo.

"Amekasirika," akanong'ona Kadzo.

"Selina," Nuhu akasema, "nimekuja tupange siku ya arusi."

Chumba kizima kikavuta pumzi. Nyevu akashika nguzo. Lakini Selina naye akaenda dirisha la pili, akawapa wote migongo, akasema amepata barua. Barua kutoka Nakuru. Ya mwanamke. Mwenye watoto watatu.

"Mungu ni mkubwa," akasema Nyevu kwa sauti.

Nuhu akakana. Selina akalia, bila kamasi kama kawaida. Nuhu akakiri. Chenga zikaanza kupanda kutoka chini ya picha, Easter akapiga kelele, "Gerishom, shika!" na Gerishom akajibu, "Nimeshika!" Nuhu akaichukua ile glasi ya mguu mmoja, akaitupa ukutani, akageuka. Akatazama nje ya sanduku, moja kwa moja mkekani.

"Basi," akasema, "mapenzi yamekwisha."

Hapo vigelegele vilipigwa, hata Easter alipiga. Nyevu alimkumbatia Mapenzi akamtikisa. Randu akauinua mrija. Lakini Kambi alikuwa ameinua kidole.

"Ngojeni. Kasemaje?"

"Mapenzi yamekwisha! Kamwacha!"

"Yamekwisha," akasema Kambi taratibu. "Hakusema amekwisha. Mtu husemwa amekwisha. Yamekwisha ni maji, ni maembe. Talaka hii ina kasoro."

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Nyevu akaona binti wa Junju anapita mbele ya macho yake, amejifunga leso mpya. Na hapo ndipo darasa la nne lilipomfaa.

"Mzee Kambi," akasema, "mimi nisamehe, lakini si twawasema wakubwa kwa wingi, kwa heshima? Bwana amemwacha mwanangu kwa heshima."

Kambi akakuna kidevu. Na dirishani, kutoka gizani, sauti ya Gerishom mtu wa bara ikasema:

"Wazee, kule kwetu hata angesema 'mapenzi imekwisha' ingekuwa sawa tu."

"Imekwisha?" akauliza Kambi.

"Imekwisha kabisa."

Kambi akawaza. Watu wa bara na Kiswahili chao ni jambo linalojulikana, na bwana mwenye watoto Nakuru ni wa huko huko; huwezi kumfunga mtu kwa kosa la ngeli. "Basi amemwacha," akasema. "Leteni mtungi ulio nje."

Mtungi ukaingia. Kambi akasimama wima, akasafisha koo, akauliza kwa ile sauti nzito ya kizee ambayo Nyevu alikuwa akiiiga wiki tatu:

"Mapenzi, tunywe?"

Kimya.

Nyevu akadhani hakusikia. Akamfinya. Kimya. Wiki tatu za mafunzo, mferejini, jikoni, kwenye kusuka nywele, na leo, siku ya haki, hakuna neno. Uso wa Kambi ukaanza kukunjamana.

"Mapenzi!" Nyevu akanong'ona. "Sema!"

"Aniulize mwenyewe," akasema Mapenzi.

"Nani?"

"Dena. Aite jina langu, kisha angoje. Kama yule."

Sasa unaona televisheni inavyofanya kazi? Nyevu aliliona pale pale. Haiingii kwa mlango, inaingia kwa swali moja lililoulizwa vizuri. Wazee wakaguna. Tangu lini mwenye kuposa akauliza? Yeye hukaa nyuma akangoja kama mzigo. Lakini Kambi alimtazama mwanawe, akautazama mtungi aliokwisha kuuvusha feri, akasema, "Haya, nenda. Mwulize."

Dena akatoka mlangoni akaja mbele, jasho likimtiririka. Maskini, hakuwahi kuona mwanamume akimwuliza mwanamke neno kubwa ila jioni ile ile, mara moja, kwenye kile kisanduku. Na jinsi alivyoona ndivyo alivyofanya. Akampita Mapenzi. Akaenda dirishani. Akawapa wote mgongo. Dirishani, shubiri moja tu kutoka pua yake, alikuwa Gerishom ameikumbatia boriti.

"Mapenzi," akasema Dena, akimtazama Gerishom machoni. Akangoja. "Tunywe?"

Gerishom akafungua kinywa.

"Gerishom funga!" Nyevu akapiga ukelele uliofika sokoni. "Usijibu! Usijibu kitu!"

Gerishom, kwa hofu, akajiziba kinywa kwa mikono yote miwili, boriti ikaanguka juu ya banda la kuku, na televisheni yote ikawa chenga. Kuku wakapiga kelele. Mle ndani hakuna aliyethubutu kusema hata "ee", kila mtu akichelea asije akaolewa.

Mapenzi akainuka mkekani. "Geuka," akamwambia Dena.

Dena akageuka. Akamtazama Mapenzi, yeye na sugu zake, na shati lake lililoshika jasho, na kile kinywa kisicho na neno. Ilimchukua muda mrefu kuliko vile Nuhu alivyochukua.

"Mapenzi," akasema. Akangoja. "Tunywe?"

"Nyweni," akasema Mapenzi, kwa meno yote.

Nyevu alikuwa tayari kuanguka kwa ajili ya hayo meno, lakini Randu alishavuta.

Mapenzi yuko Kaloleni sasa, na habari zinazokuja ni njema. Wanasema Dena huongea, wakiwa wawili. Nyevu hakuacha kwenda kwa Easter siku za Alhamisi. Lazima mtu ajue wale watu wamefikia wapi, na Nuhu bado hajaoa. Lakini huenda na sheria zake. Randu hunywa kwanza nyumbani akamaliza, kibuyu kikabaki. Kadzo haketi mbele. Na katika mchezo wowote, saa yoyote, mtu yeyote akishika glasi na kugeuka kutazama nje, utauona mkono wa Nyevu umeshatua juu ya kinywa cha mtoto, na hauondoki mpaka yule bwana awe amekunywa peke yake.

Wewe nawe, weka mkono wako tayari.